Giaboksi Kwanza, Injini Baadaye: Mazungumzo kwa Wamiliki wa Magari ya Spoti ya Zamani Wanaokusudia Kubadilisha Injini



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya jambo linaloonekana kuwa la mafundi, lakini ambalo gharama yake hulipwa na mwenye gari. Mtu ana gari la spoti la miaka mingi, pengine alilolirithi kwa mzazi wake, pengine alilolinunua likiwa limelala uani chini ya mwembe. Bodi bado ni nzima na chesi haijaoza, ila injini imekufa, na vipuri vyake ni adimu au vina bei isiyoshikika. Anaamua kuweka injini nyingine. Anakwenda kwenye maduka ya vipuri vya mtumba, anaonyeshwa injini safi iliyotoka Japani, anaisikiliza ikinguruma, anailipia. Ndipo fundi anapomuuliza: tutaifunga na giaboksi gani?

Ujumbe wangu wa leo ni kwamba swali hilo liulizwe kabla ya kulipia injini, wala si baada yake. Injini ina bei iliyobandikwa, na kila mtu huiona. Giaboksi huja na gharama nyingine zisizobandikwa popote: klachi, propela, kiegemezo, nyaya, difu, na siku za fundi. Anayeanza na injini hujikuta akichagua giaboksi akiwa amekwisha kufungwa mikono. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, na shambani walisema kweli. Katika kazi hii, asiyechagua hulima shamba moja mara mbili.

Gari letu la mfano

Ili tusizungumze hewani, tuchukue gari moja: Datsun 240Z. Kampuni ya Nissan ililianza gari hili mwaka 1969, na katika Afrika Mashariki lilijijengea jina kwa kushinda mbio za Safari mara mbili, mwaka 1971 likiendeshwa na Edgar Herrmann na mwaka 1973 likiendeshwa na Shekhar Mehta. Ni gari jepesi, lenye uzito unaozidi tani moja kwa kiasi kidogo tu, injini ikiwa mbele na magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Injini yake ya asili, L24, ina mitungi sita na ujazo wa lita 2.4. Nguvu yake ya kusokota ni takriban newtonimita 200.

Naomba neno hilo, nguvu ya kusokota, tulielewe vizuri, kwa sababu ndilo litakalotuongoza. Ni ile nguvu ambayo injini huitumia kuuzungusha mhimili. Dukani utasifiwa nguvu za farasi, lakini meno ya giaboksi huvunjwa na nguvu ya kusokota. Ukitaka kujua kama giaboksi itaihimili injini fulani, uliza newtonimita zake.

Tuseme sasa mwenye 240Z anataka kuweka injini ya Toyota ya 1JZ-GE, yenye mitungi sita na ujazo wa lita 2.5. Injini hiyo ilifungwa katika Mark II, Chaser na Crown, magari ambayo yameingia nchini kwa wingi, na mafundi wengi wanaifahamu. Toleo lake lenye mfumo wa VVT-i hutoa newtonimita 255. Nduguye mwenye turbo, 1JZ-GTE, katika toleo lake la awali hutoa 363. Angalieni jinsi tarakimu zinavyopanda: 200, 255, 363. Mtu anayesema kwamba hizi zote ni injini tu za silinda sita, na kwamba chochote kitafaa nyuma yake, hajazipiga hesabu.

Kwa nini giaboksi huvunjika

Giaboksi huipokea nguvu ya injini na kuizidisha. Gia ya kwanza yenye uwiano wa 3.25 huzidisha nguvu ya kusokota mara tatu na robo. Kwa injini ya asili, newtonimita 200 zinafika kwenye propela zikiwa 650. Kwa 1JZ-GE zinafika zikiwa takriban 830. Kwa ile ya turbo zinafika karibu 1,180. Nguvu hiyo yote inaikuta propela, inazikuta krosi zake, kisha inalikuta difu lililotengenezwa zaidi ya nusu karne iliyopita kwa ajili ya injini dogo zaidi. Kwa hiyo kuchagua giaboksi ni kuchagua mnyororo mzima, kuanzia nyuma ya injini hadi kwenye magurudumu, na mnyororo hukatikia pale palipo dhaifu.

Hapo ndipo usalama unapoingia. Propela ikikatika upande wa mbele gari likiwa katika mwendo, inaweza kuanguka na kuchimba barabara, ama kuipiga sakafu chini ya miguu ya abiria. Mtu anayeteremka Kitonga akaikosa gia ya kupunguzia mwendo hubaki na breki peke yake, na breki za zamani zikipata moto hulegea. Tunapozungumzia giaboksi, tunazungumzia maisha ya watu sawa na tunavyozungumzia fedha.

Njia nne zilizo mbele ya mwenye gari

Njia ya kwanza ni kuibakiza giaboksi ya asili ya Datsun na kuiunganisha na injini ya Toyota kwa bamba la kuunganishia linalochongwa kwa mashine. Njia hii huonekana kuwa nafuu kwa sababu giaboksi ipo tayari, na propela haiguswi sana. Ina mitego miwili. Wa kwanza ni uzee: giaboksi ambayo imetumika miaka hamsini inaongezewa mzigo wakati ambapo ilistahili kupunguziwa. Wa pili ni ulinganifu. Mhimili wa giaboksi sharti ukae katikati kabisa ya kranki ya injini. Kupishana kwa sehemu mbili za kumi za milimita tayari ni kosa, nalo hula beringi, huharibu klachi na huzifanya gia kuwa ngumu kuingia. Kama fundi anakusudia kuchonga bamba, mwulize atalipima kwa kifaa gani. Akikujibu kwamba atalipima kwa macho, mshukuru na uondoke.

Njia ya pili ni kuchukua giaboksi ya otomatiki ya gia nne iliyokuja na injini yenyewe. Baadhi ya wapenzi wa magari ya spoti huidharau, lakini kwa mlaji wa kawaida ina hoja nzito. Injini, giaboksi na kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, vimefanya kazi pamoja tangu kiwandani. Hakuna klachi ya kutafuta. Katika foleni za mjini humpumzisha dereva. Inachohitaji ni nafasi ya kutosha chini ya sakafu, mabomba na kipoza cha oili yake, kiungo cha mkono wa gia, na propela iliyokatwa kwa urefu mpya. Kama gari litatumika zaidi mjini na mwenyewe hana haja ya kucheza na gia, njia hii mara nyingi ndiyo yenye mambo machache ya kuharibika.

Njia ya tatu ni W58, giaboksi ya Toyota yenye gia tano za mkono, au manyuo kama wasemavyo mafundi. Hapa nitawapa kanuni ambayo mlaji asiye fundi anaweza kuitumia popote: angalia mtengenezaji mwenyewe aliifunga giaboksi hiyo na injini gani. Toyota iliifunga W58 nyuma ya injini ya 2JZ-GE isiyo na turbo katika Supra, na injini hiyo hutoa zaidi ya newtonimita 280. Basi kwa 1JZ-GE yenye newtonimita 255, W58 iliyo nzima iko ndani ya mipaka ambayo kiwanda chenyewe kiliikubali. Kwa injini ya turbo, kanuni hiyohiyo inakuonya usiitumie.

Njia ya nne ni R154, nayo ya Toyota yenye gia tano za mkono. Hii ndiyo iliyofungwa nyuma ya injini za turbo, zikiwemo 7M-GTE na 1JZ-GTE. Ni nzito na ni imara kuliko W58. Kwa sababu hiyo inatafutwa sana, na kinachotafutwa sana hupandishwa bei. Mwenye injini isiyo na turbo, asiye na mpango wa kuongeza nguvu baadaye, akinunua R154 analipia uimara ambao hatautumia. Mwenye turbo akinunua W58 kwa kuwa ni nafuu, ananunua giaboksi ya kuvunja.

Zipo pia giaboksi za gia sita, kama ile ya Nissan 350Z ambayo watengeneza magari wa nchi nyingine huiunganisha na injini za kila aina kwa mabamba maalumu. Ni giaboksi nzuri. Hata hivyo, kabla ya kuvutiwa nayo, uliza kama vipuri vyake utavipata hapa nchini, na kama aliyelichonga bamba atapatikana siku itakapohitajika tena.

Hesabu ya uwiano

Baada ya uimara, swali linalofuata ni mwendo. Hapa pana hesabu fupi ambayo kila mmoja wetu anaweza kuifanya kwa kalamu. Chukua tairi linalotembea mita 2 kwa mzunguko mmoja, ambacho ni kipimo cha karibu sana kwa gari hili. Kwa mwendo wa kilomita 100 kwa saa, gurudumu huzunguka takriban mara 833 kwa dakika. Zidisha kwa uwiano wa difu, kisha zidisha kwa uwiano wa gia unayoendeshea. Jibu ni mizunguko ya injini kwa dakika.

Datsun 240Z ziliuzwa zikiwa na difu za uwiano tofauti. Zile zilizopelekwa Marekani na gia nne zilikuwa na 3.36, na nyingine zenye gia tano zilikuwa na 3.9. Kwa difu la 3.9 na gia ya nne ya moja kwa moja, injini itazunguka mara 3,250 kwa dakika katika kilomita 100 kwa saa. Ukiwa na gia ya tano yenye uwiano wa 0.75, ambao ndio wa R154 kwa ukaribu, mizunguko inashuka hadi takriban 2,440. Kwa difu la 3.36 na gia hiyohiyo ya tano, inashuka hadi 2,100.

Maana yake kwa mlaji ni hii. Anayesafiri mara kwa mara kutoka Dar es Salaam hadi Arusha atapenda mizunguko michache: kelele hupungua, na injini haichoki. Anayepanda milima ya Lushoto au kukaa katika foleni atapenda difu fupi, lile la 3.9, ambalo huliondoa gari kwa wepesi. Giaboksi ileile inaweza kuwa tamu kwenye gari moja na chungu kwenye jingine, kwa sababu tu difu si moja.

Kulijua difu lako si kazi ngumu. Gari liinuliwe nyuma na liegemezwe juu ya stendi madhubuti, kamwe si juu ya jeki peke yake, na magurudumu ya mbele yawekewe vizuizi. Tia alama kwenye gurudumu na kwenye propela. Gia ikiwa huru, yazungusheni magurudumu yote mawili ya nyuma kwa pamoja, mzunguko mmoja kamili, na mtu mwingine ahesabu propela imezunguka mara ngapi. Ikizunguka mara tatu na zaidi kidogo ya theluthi, difu ni la 3.36. Ikikaribia mara nne, ni la 3.9.

Gharama zisizobandikwa

Sasa tuhesabu yale ambayo muuzaji hayataji, si kwa hila daima, bali kwa kuwa hukuuliza.

Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina flaiwili ya klachi, na mara nyingi haina beringi ndogo inayokaa kwenye ncha ya kranki ili kuushikilia mhimili wa giaboksi ya mkono. Vyote viwili vinunuliwe. Flaiwili, sahani ya klachi, kava lake na beringi yake ya kuachia vitoke katika seti moja, kwa maana sehemu hizi hufanana kwa macho bila kulingana kwa vipimo.

Giaboksi za W58 na R154 zina nyumba ya klachi inayofunguliwa na kubadilishwa. Jambo hili lina faida na hasara. Giaboksi iliyotoka kwenye injini nyingine ya Toyota inaweza kukufaa, lakini sharti upate nyumba ya klachi inayoingiana na injini za JZ. Ukiuziwa giaboksi peke yake, nyumba hiyo inaweza kukuchosha kuitafuta.

Kontroli boksi ya gari la otomatiki hutarajia kuiona giaboksi ya otomatiki. Ukiweka ya mkono, taa ya hitilafu inaweza kuwaka, na swichi inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia itahitaji kushughulikiwa. Fundi wa umeme aingizwe katika bajeti tangu mwanzo.

Mkono wa gia nao una mahali pake. Giaboksi nyingine hutokezea mbele mno au nyuma mno ya tundu la sakafu, na hapo bodi hukatwa. Kiegemezo cha giaboksi kitachomelewa upya. Propela itakatwa, itaungwa na kusawazishwa kwa mashine, na pembe ya giaboksi na ile ya difu sharti zilingane, la sivyo gari litatetemeka kila lifikapo mwendo fulani. Kebo ya spidomita ya Datsun huenda isiingie kwenye giaboksi ya Toyota, na gari lisilo na spidomita inayofanya kazi halistahili kuwa barabarani. Mwisho kuna breki: nguvu ikiongezwa, uwezo wa kusimama nao uongezwe.

Ukiyaandika haya yote katika karatasi moja, ukayatia bei kabla ya kununua chochote, utaona kwa nini seti kamili hushinda. Injini, giaboksi, klachi, nyaya, kontroli boksi na propela vilivyotoka katika gari moja vinaweza kuonekana ghali siku ya kwanza. Lakini vikinunuliwa kimoja kimoja, kila kimoja na safari yake ya Gerezani na siku yake ya fundi kusubiri, jumla yake huwa nyingine.

Kuikagua giaboksi ya mtumba

Giaboksi ikiwa mezani, mlaji ana haki ya kuikagua, na aitumie. Anza na utambulisho. Magari ya Toyota huwa na bamba la chuma lenye alama za aina ya injini, giaboksi na difu. Kama muuzaji analo gari au kipande cha mbele kilichokatwa, mwombe akuonyeshe bamba hilo na ulipige picha. Kama halipo, mtu anayeijua giaboksi hiyo aithibitishe kwa umbo lake kabla fedha haijatoka mfukoni.

Kisha izungushe kwa mkono. Ingiza kila gia, pamoja na ya nyuma, na uhakikishe mhimili wa kutokea unazunguka bila kukwama wala kukwaruza. Utikise mhimili wa kuingilia: mchezo mdogo si ajabu, ila ukipiga kelele au ukitembea sana, beringi zimechoka. Yatazame meno yake yanapoingia kwenye klachi. Yakiwa yamechongoka, yameliwa. Mwaga oili kidogo juu ya kitambaa cheupe. Unga laini wa rangi ya dhahabu hutokana na kuchakaa kwa sinkronaiza, nao ukiwa kidogo huvumilika. Vipande vya chuma vinavyonaswa na sumaku ni habari ya meno au beringi zilizovunjika. Tafuta nyufa na alama za kuchomelea kwenye bodi yake.

Baada ya kufungwa, tumia oili ya daraja lililoelekezwa na mtengenezaji wa giaboksi. Oili nzito ya difu si lazima iifae giaboksi yenye sinkronaiza za shaba, hata kama dukani zimepangwa rafu moja.

Maandishi, sheria na usajili

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mkataba wako na muuzaji, na ule wa fundi, viwe vya maandishi hata kama ni ukurasa mmoja. Risiti iliyoandikwa giaboksi moja, basi, haikulindi. Itaje aina yake, gari ilikotoka, vitu vinavyoambatana nayo, na muda ambao muuzaji anakubali kuipokea ikirudishwa.

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214 ya Sheria za Tanzania, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo hayo. Pia, mnunuzi akimweleza muuzaji wa bidhaa hizo matumizi anayoyakusudia, huku akiutegemea ujuzi wake, bidhaa inapaswa kufaa kwa matumizi hayo. Zingatieni masharti mawili. Kutaja jina la bidhaa tu, kama vile naomba R154, kunaweza kukupunguzia kinga hiyo, kwa kuwa umechagua mwenyewe. Na kama uliikagua, huenda usisikilizwe juu ya kasoro ambayo ukaguzi wako ulipaswa kuigundua. Basi andika hivi: natafuta giaboksi ya kufungwa nyuma ya injini ya 1JZ-GE, namba fulani, katika Datsun 240Z, kwa matumizi ya barabarani. Muuzaji atie sahihi chini yake. Sentensi hiyo moja humzuia kusema kesho kwamba hakujua.

Kwa fundi, mkataba utaje kazi itakayofanywa, nani ananunua nini, malipo kwa hatua, na majaribio ya mwisho. Malipo ya mwisho yasitolewe kabla gari halijaendeshwa likiwa na moto, gia zote zikajaribiwa kupanda na kushuka, na sehemu ya chini ikatazamwa kama oili inavuja. Ukidanganywa kuhusu aina au hali ya bidhaa, Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ni mojawapo ya mahali pa kupeleka malalamiko. Nenda na karatasi zako mkononi.

Tusisahau kadi ya gari. Kadi ya usajili hubeba namba ya chesi na namba ya injini. Injini ikibadilika, kumbukumbu za Mamlaka ya Mapato Tanzania nazo zibadilishwe, na gari lipelekwe kwenye ukaguzi unaotakiwa. Kwa hiyo dai hati za injini: risiti, na nyaraka za forodha kama iliagizwa kutoka nje. Injini isiyo na hati inaweza kuwa ya wizi, na atakayeulizwa ni wewe. Mjulishe pia mwenye bima wako kwa maandishi. Bima hujengwa juu ya ukweli uliosemwa, na mabadiliko yaliyofichwa yanaweza kuwa sababu ya kukataliwa fidia siku ya ajali.

Maswali ya kuondoka nayo

Ndugu walaji, kabla hujalipia injini, uwe na majibu ya maswali saba. Injini hii hutoa newtonimita ngapi? Kiwanda kilifunga giaboksi gani nyuma ya injini yenye nguvu kama hiyo? Difu langu lina uwiano gani, na injini itazunguka mara ngapi katika mwendo ninaousafiria? Giaboksi itaingia chini ya sakafu bila kulikata gari nisivyotaka? Seti yangu ina nini, na inakosa nini? Vipuri vyake vinapatikana wapi hapa nchini? Na nani ametia sahihi kwamba vyote hivi vitafanya kazi pamoja?

Ukiyapata majibu yote saba, nunua kwa moyo mkunjufu. Likikosekana moja, rudisha fedha mfukoni uendelee kuuliza. Gari lililosubiri uani miaka kumi halitadhurika likisubiri wiki mbili zaidi, na fedha iliyo mfukoni bado ina nafasi ya kuchagua.